Nani Alitia Maji Kwenye Oili?

Kuna rangi moja ambayo mwendesha nduthi wa Limuru hataki kuiona mwezi wa saba: rangi ya chai ya maziwa. Anafungua kifuniko cha oili asubuhi akitegemea kuona weusi wa oili iliyofanya kazi, au ule umanjano wa asali wa oili mpya. Badala yake anakuta kitu cheupe-cheupe kimeshika chini ya kifuniko, kizito kama mtindi. Anakipangusa kwa kidole, anakinusa, na swali la kwanza linalomtoka si "hiki ni nini?" Ni "nani?"

Nani alitia maji kwenye oili yangu?

Washukiwa hawakosi. Kuna kijana wa kuosha pikipiki ambaye huelekeza maji ya presha mahali asipofaa. Kuna muuza oili wa kupima, ambaye mitungi yake haijawahi kuaminiwa na mtu. Kuna skwodi aliyepewa pikipiki Jumapili na kuirudisha usiku akiwa amelewa. Kuna mvua. Kuna jirani mwenye wivu. Kila steji ina hadithi yake, na kila hadithi ina mtu mbaya ndani yake.

Wakati mwingine mtu huyo yupo kweli. Maji ya presha yanaweza kupita, na oili chafu inauzwa. Lakini mara nyingi, hasa msimu wa baridi, jibu ni lingine, na mimi linanisumbua kuliko hadithi zote za wivu: hakuna aliyetia. Maji yalizaliwa humo ndani, na injini yenyewe, ikifanya kazi yake vizuri kabisa.

Tuanze na moto. Petroli ni haidrojeni na kaboni zilizoshikana. Ikiungua, kaboni inachukua oksijeni na kuwa hewa ya ukaa. Haidrojeni nayo inachukua oksijeni na kuwa maji. Si maji ya mfano, ni maji haya haya ya bomba. Ukipiga hesabu, lita moja ya petroli inazaa karibu lita moja ya maji. Ndiyo maana asubuhi ya baridi unaona mvuke mweupe na matone yakidondoka kwenye ekzosi ya gari ambalo halina shida yoyote. Mwendesha nduthi akichoma lita 2 kwa siku, pikipiki yake imetengeneza karibu lita 2 za maji kufikia jioni. Yakitoka kama mvuke kupitia ekzosi, hakuna anayejali.

Mengi yanatoka hivyo. Si yote. Pistoni haizibi silinda kabisa. Ina ringi za kuibana, lakini kila mlipuko unasukuma gesi kidogo ipite kando ya ringi na kushuka kwenye tumbo la injini, kule oili inakokaa. Gesi hiyo imebeba mvuke. Injini ikiwa na moto wa kutosha, mvuke hautulii: unapaa, unatoka kwa mpira wa kupumulia, unaenda zake. Injini ikiwa baridi, mvuke unakutana na chuma baridi na kugeuka matone, kama pumzi yako kwenye kioo cha matatu asubuhi. Matone yanaanguka kwenye oili. Gia zinayapiga pamoja na oili hiyo jinsi mtu anavyopiga mayai ya keki, na hiyo ndiyo chai ya maziwa unayoiona.

Dawa yake ni joto na muda, vyote viwili kwa pamoja. Chuma cha silinda kinapata moto ndani ya dakika chache, lakini oili iliyo chini inachelewa. Ndiyo maana mafundi wanakwambia uipe nusu saa hivi ya mwendo wa kweli barabarani, si kunguruma ikiwa imesimama. Maji hayahitaji kutokota kama ya ugali. Yakikaa ndani ya oili ya moto kwa muda wa kutosha, yanapanda kidogo kidogo na kuondoka. Usipoyapa nafasi hiyo, yanabaki. Yakibaki yanachanganyika na masizi na gesi za moto, yanazaa asidi, na oili inaanza kupoteza ule utelezi unaozuia chuma kisilane na chuma. Pikipiki haifi leo. Inakufa mwezi wa kumi na moja, wakati hakuna tena anayekumbuka baridi.

Sasa fikiria siku ya kawaida ya nduthi mwezi wa saba kule juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ukungu umelala juu ya majani chai. Saa kumi na mbili unusu: mama na mtoto mwenye kikohozi hadi zahanati, dakika 4. Kuzima, kungoja nusu saa. Wanafunzi wawili hadi getini, dakika 6. Kuzima. Mitungi ya maziwa hadi barabarani, dakika 5. Kuzima. Mzee anayepeleka barua kwa chifu, dakika 3. Nduthi nyingi hupozwa na hewa tu, na hewa ya huko haina huruma: inapiga silinda tangu kiki ya kwanza. Kufikia saa nne injini imewaka mara 7 na haijapata moto hata mara moja.

Ungekuwa hakimu, ungemfunga nani hapo?

Mwaka jana nilikaa mchana mzima kwa fundi mmoja wa upande huo, nikingoja pikipiki ya rafiki yangu itengenezwe. Pale karakana kulikuwa na kesi ya namna hii. Mwenye pikipiki alikuwa mwalimu mstaafu aliyenunua nduthi kwa pesa zake za uzeeni ili impe kitu cha kila siku. Mwendeshaji alikuwa kijana wa mtaa wake, aliyemfundisha darasa la tano. Injini ilikuwa imefunguliwa, bering imeliwa, oili kwenye beseni ina rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa.

"Mimi nilikupatia pikipiki ikiwa nzima, kijana wangu," mwalimu akasema. "Sasa imekuwaje?"

"Mwalimu, haki ya Mungu sijatia maji. Hata kuosha huwa naosha na kitambaa."

"Basi ni nani?"

Fundi hakuinua kichwa. "Mwalimu, hakuna mtu ametia maji hapa. Ni hizi safari fupi fupi. Hii kitu haijapata moto tangu mwezi wa tano."

Nilidhani wote wawili wangeshusha pumzi. Hakuna mwizi, hakuna mzembe, hakuna mlevi. Lakini wote wawili walikasirika. Mwalimu alikunja uso kana kwamba ametukanwa. Kijana naye alisema fundi anaficha kitu, labda anajuana na muuza oili. Niliwatazama nikaelewa kwamba hawakuwa wanatafuta ukweli peke yake. Walikuwa wanatafuta mtu wa kulipa. Bili ilikuwa hapo mezani, na bili isiyo na mkosaji haina pa kwenda.

Hilo ndilo swali langu. Madhara yakitokea bila mkosaji, nani anabeba?

Lugha yetu inalijua jambo hili vizuri. Tunasema haba na haba hujaza kibaba, na tunaisema kwa furaha, tukimfundisha mtoto kuweka akiba. Tunasema pia bandu bandu huisha gogo, na hapo sauti inashuka. Ni hesabu moja, kidogo mara nyingi, lakini ya kwanza inajenga na ya pili inamaliza. Methali zote mbili hazimtaji mtu. Hatuambiwi nani alichonga kipande cha mwisho cha gogo, kwa sababu kumtafuta huyo ni ujinga. Kipande chake hakikuwa kikubwa kuliko cha wenzake.

Derek Parfit, mwanafalsafa wa Uingereza, alilishughulikia swali la karibu na hili kwenye kitabu chake cha mwaka wa 1984, Reasons and Persons. Alitutaka tuwaze watesaji 1,000 na watu 1,000 wanaoteswa. Kila mtesaji anabonyeza kitufe mara moja tu, na kitufe chake kinaongeza maumivu ya kila anayeteswa kwa kiasi kidogo mno, kidogo hata mtu hawezi kukihisi. Wakimaliza wote, maumivu ni makali kupita kiasi. Lakini kila mmoja wao anaweza kusema: mimi sikumwongezea mtu yeyote maumivu aliyoyahisi. Parfit alikataa utetezi huo. Alisema ni kosa la hesabu kupima kitendo chako peke yake huku ukijua kwamba pamoja na vitendo vya wenzako mnamwangamiza mtu.

Nakubaliana naye juu ya wale watesaji. Lakini nduthi ya mwalimu ni kesi ngumu zaidi. Mtesaji wa Parfit anabonyeza kitu kibaya, ila ni kidogo. Mwendeshaji wetu habonyezi kitu kibaya hata chembe. Kumpeleka mtoto mgonjwa zahanati ni jambo jema. Kuwafikisha wanafunzi kabla ya kengele ni jambo jema. Hizi si dhambi ndogo ndogo zilizojumlishwa. Ni mema madogo madogo, na kila jema limeacha tone lake chini. Ukimwambia kijana aache safari fupi, umemwambia aache kazi yenyewe, na mama yule atembee na mtoto wake kwenye ukungu.

Kwa hivyo njia ya kwanza ya kulijibu swali, ile ya kumtafuta mkosaji kwa nguvu hadi apatikane, imefungwa. Ukiilazimisha utampata tu aliye karibu na aliye mnyonge, yaani kijana. Ndivyo inavyokuwa. Lawama, kama maji, inateremka hadi mahali pa chini kabisa.

Njia ya pili tunaipenda sana sisi vijana wa mjini. Ni kunyosha mikono na kusema: basi, ni sistimu. Ni baridi. Ni uchumi. Mwaka wa 2008 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki zilizo chini ya cc 250, nduthi zikajaa nchi nzima, na vijana ambao hawakuwa na mboka nyingine wakapanda. Hakuna aliyekaa akapanga injini zife kwa safari za dakika 4. Yote hayo ni kweli. Lakini angalia ujanja wa sentensi hiyo. Tumeanza na "hakuna mwenye kosa" na tumemaliza na "hakuna mwenye wajibu", na katikati hatujaonyesha tumevukaje. Ni vitu viwili tofauti. Mvua ikinyesha, hakuna mwenye kosa. Lakini kama wewe ndiye uliye karibu na kamba ya nguo, na za jirani zimeanikwa pamoja na zako, sisi sote tunajua ni zamu ya nani kuzianua.

Neno ninalolitaka ni hilo: zamu. Kosa linauliza nani alifanya. Zamu inauliza nani anaweza kufanya sasa, na kwa gharama gani kwake. Kwenye maji ya oili swali la kosa halina jibu, lakini la zamu linalo, ukiangalia vizuri injini inataka nini. Inataka nusu saa ya joto mara kwa mara, na oili ibadilishwe mapema zaidi wakati wa baridi. Basi. Haitaki toba ya mtu. Kwa hivyo tuulize: ni nani mwenye mamlaka juu ya hiyo nusu saa?

Kabla ya kujibu, kuna jibu moja la huruma ambalo linafaa kuangaliwa, kwa sababu linaonekana zuri na ni bovu. Katika nchi za theluji kama Kanada au Norwei, wengi hufungia pikipiki gereji wakati wa baridi, miezi mingi. Mwenye kuipenda sana huingiwa na huruma. Kila Jumapili anaenda kuiwasha dakika 5 ili isikae kinyonge, anaisikia ikinguruma, anaridhika, anaizima. Mafundi wa huko humwambia aache. Afadhali angeweka oili mpya kabla ya baridi na kuiacha ilale kabisa. Zile dakika 5 zinatengeneza maji bila kutengeneza joto la kuyatoa. Kila Jumapili ya upendo inamwaga tone lingine. Pikipiki iliyosahauliwa inaweza kufika mwezi wa nne ikiwa na afya kuliko ile iliyotembelewa kila wiki.

Mimi jambo hilo liliniuma nilipolielewa mara ya kwanza, kwa sababu tumelelewa kuamini kwamba kidogo ni bora kuliko bure. Mara nyingi ni kweli. Lakini kuna vitu ambavyo kidogo chake kina gharama, na gharama hiyo inalipwa tu ukiendelea hadi mahali fulani. Ukiishia njiani, umeacha deni. Fikiria ule ujumbe wa "uko poa?" tunaomtumia rafiki aliyefiwa. Anaandika mistari mitatu ya kweli, wewe unatuma moyo mwekundu, unazima. Wiki ijayo tena. Hukumfanyia ubaya, ulimkumbuka. Lakini umemfanya afungue jambo mara 4 bila kumpa muda wa kulitoa. Mara ya tano atakwambia yuko poa, na hutajua kama ni kweli.

Kwa hivyo zamu haitimizwi kwa kuonyesha nia. Inatimizwa kwa muda. Tunarudi kwa swali: muda ni wa nani?

Si wa mwendeshaji. Yeye hachagui urefu wa safari, anachukua anayekuja. Akiamua kwenda mbio za nusu saa bila abiria ili kukausha oili, anachoma petroli yake na anapoteza wateja, na jioni hesabu ya mwenye pikipiki iko pale pale. Tuseme hesabu hiyo ni shilingi 300 kwa siku. Ni 300 mwezi wa pili barabara zikiwa kavu, na ni 300 mwezi wa saba abiria wakiwa wachache na safari zikiwa fupi. Hesabu haijui baridi. Hapo ndipo muda ulipokwenda. Mwalimu hakutia maji kwenye oili, na sidhani aliwahi kuwa mtu mbaya siku moja maishani mwake. Lakini yeye ndiye aliyekuwa na nusu saa mkononi, kwa maana kwamba yeye peke yake angeweza kusema: "Mwezi huu, Alhamisi usiniletee kitu. Chukua pesa ya petroli, ipeleke hadi Kinale urudi, halafu oili tubadilishe mapema." Gharama yake ingekuwa hesabu ya siku chache, petroli kidogo, na oili karibu lita moja. Weka hiyo kando ya bili ya bering.

Najua pingamizi. Mwalimu naye ni mnyonge. Pensheni yake si mali, na 300 ile ndiyo mkate na dawa ya presha. Nakubali, na ndiyo maana sisemi alipe peke yake, wala sisemi ana hatia. Nasema alikuwa na nafasi ambayo kijana hakuwa nayo, na wajibu unafuata nafasi. Mwenye nafasi kidogo ana wajibu kidogo. Kijana naye ana wake: kufungua kifuniko kila asubuhi na kusema anachokiona bila kuogopa kufutwa. Lakini sharti hilo la mwisho, bila kuogopa, liko tena mikononi mwa mwalimu.

Kuna mwenye nafasi wa tatu, na huyu ndiye ninayempenda zaidi: steji yenyewe. Kila steji ina safari ndefu chache kwa wiki. Kuna mtu wa kwenda Nairobi na mzigo, kuna mgonjwa wa kupelekwa hospitali kubwa, kuna mfanyabiashara wa kufikishwa Kikuyu na kurudishwa. Kwa kawaida safari hizi zinaenda kwa wale wale wawili watatu wenye namba za wateja kwenye simu. Wanapata pesa nzuri, na bila kujua wanapata kitu kingine: injini zao zinakauka. Wengine wanabaki na dakika 4 na chai ya maziwa. Ukiangalia hivyo, safari ndefu si bahati tu, ni afya. Steji ambayo tayari ina chama, ina mwenyekiti, ina mchango wa matanga, inaweza pia kukubaliana kwamba miezi ya baridi safari ndefu zinazunguka kwa zamu.

Utaniuliza: na mteja aliyeniamini mimi? Na bidii yangu ya kujenga jina? Ni swali la haki, na sitaki kulipita juu juu. Kumnyang'anya mtu mteja wake ni kumwonea pia. Labda atoe safari moja katika nne, si zote. Labda mwenye zamu ndiye amtambulishe mteja. Hayo watayapanga wenyewe, wanapanga mambo magumu kuliko hayo. Ninachokisisitiza ni kwamba hapa tumefika kwenye jambo la haki kabisa, la nani anapata nini, na tumelifikia bila kumkamata mkosaji hata mmoja.

Naandika haya nikiwa na jambo langu pia. Nilitoka chuo mwaka wa tatu. Tangu siku hiyo, kila mkutano wa ukoo una kikao kisicho rasmi cha kutafuta aliyetia maji. Shangazi anasema ni marafiki. Mjomba anasema ni haya mambo ya kuandika. Mimi mwenyewe kwa muda nilimshikilia karani mmoja wa karo, kisha mgomo mmoja wa wahadhiri, kisha mwaka ule bei ya mahindi ilipoanguka nyumbani. Nikikaa chini kwa utulivu, simpati. Muhula mmoja karo ilifika nusu, nikaingia darasani wiki ya sita. Muhula uliofuata chuo kilifungwa mapema. Uliofuata nilipata kibarua cha kuandika na nikakosa majaribio mawili. Kila mara niliwaka, kila mara nilizima, na kila uamuzi, wangu na wa wengine, ulikuwa na sababu ambayo hata leo ningeielewa. Hakuna aliyenifukuza. Hakuna muhula uliopata moto.

Nimeacha kutafuta mtu. Swali la kosa limenichosha na halijanilipia hata kitabu. La zamu limenisaidia, kwa sababu lina kazi ndani yake. Mdogo wangu yuko kidato cha nne. Tumekubaliana nyumbani, nami nimo kwenye mchango, kwamba akiingia chuo karo ya mwaka mzima iwe imekaa pembeni kabla hajafungasha sanduku, hata kama itabidi angoje mwaka. Wengine wanaona tunamchelewesha. Mimi naona tunampa nusu saa yake.

Limebaki jambo moja, na hili halina utata. Ile chai ya maziwa chini ya kifuniko inapanguswa kwa kitambaa ndani ya sekunde 10. Ukiuza pikipiki, mnunuzi mjanja atafungua kifuniko. Ukishakipangusa, ataona chuma safi na oili iliyobadilishwa jana. Wapo wanaofanya hivyo kila msimu wa baridi, na nduthi inahama mkono mmoja hadi mwingine ikiwa na maji yake tumboni, hadi inafia kwa yule ambaye hakuwahi kuiona ikiwa nyeupe. Ukoo unaweza kufanya vivyo hivyo kwa mtoto, na kampuni kwa mfanyakazi.

Hadi unapofungua kifuniko, huna hatia yoyote. Mvuke ulipita kwenye ringi bila kukuuliza. Lakini ukishaona rangi ile, umejua, na mkono wako ukienda kwenye kitambaa badala ya kwenda kwa fundi, hatuhitaji tena kuuliza ni nani.